Wagiriki hawakuiaga miungu siku moja

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu chimbuko la falsafa imeandikwa kwa lugha tamu, na nimefurahi kuona gazeti la Kiswahili likimpa Thales, anayehesabiwa mwanafalsafa wa kwanza wa Kigiriki, ukurasa mzima. Lakini mwandishi wenu amerudia simulizi ambayo sisi tuliofundisha historia tumeisikia mpaka masikio yakachoka: kwamba Wagiriki walikuwa gizani mwa visasili, ndipo akatokea Thales wa Miletus, akatabiri kupatwa kwa jua, na tangu siku hiyo akili ikaipindua miungu. Mambo hayakwenda hivyo.

Habari ya utabiri huo inatoka kwa mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeandika zaidi ya miaka mia moja baadaye. Anasema Wamedi na Walidia walikuwa vitani, mchana ukageuka usiku, wakaacha kupigana na kutafuta amani; na kwamba Thales alikuwa amewatajia Wagiriki wa Ionia, pwani ya Uturuki ya leo, mwaka wa tukio hilo. Wanaastronomia wa leo huliweka tarehe 28 Mei 585 K.K. Kwamba jua lilipatwa, hilo halina ubishi. Utabiri ndio wenye shaka. Hata Wababeli, waliokuwa wameandika mienendo ya mwezi na jua kwa karne nyingi, hawakuwa na njia ya kujua kwa hakika kwamba jua litapatwa mahali fulani. Anayeujenga ukuu wa Thales juu ya habari hiyo anajenga juu ya mchanga.

Na miungu haikuondoka. Aristotle, mwanafalsafa wa baadaye, anatuambia Thales alisema kila kitu kimejaa miungu, na kwamba sumaku ina roho kwa kuwa inavuta chuma. Hata yale maji aliyoyafanya asili ya vitu vyote hayakuwa mageni. Mshairi Homer alikwisha kumwita Okeanos, mto mkuu unaoizunguka dunia, chimbuko la miungu, Wababeli walianza ulimwengu kwa maji mawili yaliyochanganyika, na Wamisri nao walikuwa na maji yao ya mwanzo, Nun. Thales alisema dunia inaelea juu ya maji kama gogo, na inatetemeka maji yakichafuka. Poseidon, mungu wa bahari na matetemeko, hatajwi, ni kweli, lakini dhana yenyewe inanuka kisasili bado.

Jipya lilikuwa nini, basi? Kwa maoni yangu tusilitafute kwa Thales bali kwa mtu aliyemfuata, Anaximander, wa mji uleule, ambaye wazee walimhesabu kuwa mwanafunzi wake. Huyu hakukariri somo la mwalimu. Kama dunia imebebwa na maji, maji yamebebwa na nini? Swali hilo Aristotle aliliuliza waziwazi baadaye, lakini jibu la Anaximander linaonyesha kwamba lilikuwa limekwisha kuuma. Akasema dunia haikubebwa na kitu. Iko katikati, umbali sawa na pande zote, kwa hiyo haina sababu ya kwenda upande huu badala ya ule, na inabaki ilipo. Alidhani ina umbo la kipande cha nguzo ya mawe, kimo chake theluthi ya upana. Umbo alikosea. Lakini tazama aina ya hoja! Hakusema ameota, wala ameambiwa na Mabinti wa Mashairi, miungu wa kike wa ushairi, kama mshairi Hesiod alivyodai alipokuwa akichunga kondoo mlimani Helikon. Ametoa sababu, na sababu ni kitu ambacho jirani anaweza kukishika na kukivunja.

Na jirani akakivunja. Anaximenes, wa tatu katika mji huohuo, hakuridhika akairudisha dunia kuwa bapa, imelala juu ya hewa. Kwake hewa ndiyo asili: ikitanuka inakuwa moto, ikibanwa inakuwa upepo, wingu, maji, udongo, jiwe. Ushahidi wake kila msomaji anao mdomoni. Pulizia kiganja kwa mdomo uliofunguka, pumzi ni ya joto. Bana midomo upulize, ni ya baridi. Hitimisho alilolitoa hapo lilikuwa na kasoro, lakini alikupa kitu cha kujaribu mwenyewe. Kuhusu dunia kuwa bapa, mwanafunzi ndiye aliyerudi nyuma ya mwalimu wake, jambo ambalo mwandishi wenu, aliyetuchorea ngazi ya kupanda tu, hakuligusa.

Mazoea hayo ya kubishana yalitoka wapi? Miletus ulikuwa mji wa bandari wenye makoloni mengi pwani ya Bahari Nyeusi na wafanyabiashara wake katika mji wa Naukratis kule Misri. Lakini biashara peke yake hainitoshelezi. Wafoinike walifanya biashara kuliko wao. Naegemea upande wa wanaosema siri iko barazani na mahakamani, ambako raia walizoea kusimama, kutoa hoja na kupingwa hadharani (raia wanaume, wenye watumwa wa kuwafanyia kazi nyumbani). Tena visasili vyao vilikuwa mikononi mwa washairi, si kwa tabaka la makuhani lenye msahafu wa kulinda. Katika maneno machache ya Anaximander yaliyotufikia, kupitia kwa Simplicius, mfafanuzi wa vitabu vya Aristotle, aliyeishi miaka zaidi ya elfu moja baada yake, vitu vinalipana fidia kwa dhuluma vilivyofanyiana, kwa mpangilio wa wakati. Hiyo ni lugha ya mahakama, imepandishwa mbinguni.

Najua wapo watakaoniandikia kwamba yote hayo yaliibwa Misri. Deni lipo, na Wagiriki wenyewe walilikiri: Aristotle aliandika kwamba hisabati ilianza Misri kwa sababu makuhani huko walikuwa na wasaa. Tunayo pia karatasi ya mafunjo ya tiba ya majeraha, ya takriban mwaka 1600 K.K., yenye visa 48 vya waliovunjika na kujeruhiwa, na karibu vyote vinaelezwa kwa kupapasa, kuchunguza na kufunga bendeji, bila talasimu. Wamisri hawakumngoja Thales awafundishe kufikiri. Ila dai kwamba Aristotle alipora vitabu vya maktaba ya Alexandria, kule Misri, halisimami, maana alikufa mwaka 322 K.K., kabla maktaba hiyo haijaanzishwa.

Mwandishi wenu angeweza pia kumtaja Xenophanes, mshairi na mwanafalsafa wa Ionia. Huyu alisema Waethiopia, yaani watu weusi wa kusini mwa Misri, huichora miungu yao myeusi yenye pua bapa, na Wathrake, watu wa kaskazini mwa Ugiriki, huichora yao yenye macho ya buluu na nywele nyekundu. Ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono nao wangechora miungu ya kwato. Lakini mtu huyuhuyu hakukana uungu. Alisema yuko mungu mmoja aliye mkuu kuliko wote, asiyefanana na binadamu kwa mwili wala kwa fikra. Karne iliyofuata, tabibu mmoja aliandika kwamba kifafa, kilichoitwa ugonjwa mtakatifu, si cha kimungu kuliko maradhi mengine, na chanzo chake ni ubongo. Akataka watu wapasue kichwa cha mbuzi mwenye ugonjwa huo wajionee. Karibu na wakati huohuo, mwaka 420 K.K., Athens ilikuwa ikimpokea kwa heshima Asklepios, mungu wa tiba, na wagonjwa wakaenda kulala hekaluni mwake wakingoja ndoto za kuponya. Na mwanafalsafa Anaxagoras, aliyesema jua ni jiwe linalowaka, kubwa kuliko Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki, alishtakiwa Athens kwa kukufuru, akaenda kumalizia maisha yake katika mji wa Lampsacus. Athens hiyo ndiyo tunayoambiwa akili ilikuwa imekwisha kutawala.

Mwisho, picha. Chini ya jina la Thales mmechapisha Parthenon. Hekalu hilo lilianza kujengwa mwaka 447 K.K., karibu karne nzima baada ya Thales kufa, tena Athens, ng'ambo ya bahari. Magofu ya Miletus yako Uturuki, na picha zake hazina uhaba. Mkiendelea na mfululizo huu, naomba mziangalie.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga