Donati za boga kwa ajili ya Kulwa

Kirumba, Mwanza
Oktoba

Mama Kulwa mpendwa,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mvua za vuli zimeanza na ziwa limechafuka kwa upepo. Ila tangu nisome habari za Kulwa moyo haujatulia. Naiona picha yote: huko Leeds majani yanapukutika, shuleni watoto wanagawana donati za boga na mdalasini, Doto anakula, na pacha wake kakaa pembeni na tufaha lake. Mtoto mdogo vile utamwelezaje kwamba utumbo wake haupatani na ngano? Nikasema hapana, hili nalishughulikia mimi.

Kwanza usiogope. Najua daktari amewaambia ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano) asiziguse maisha yake yote, na wewe mwenyewe tangu nikufahamu huingizi maziwa wala mayai jikoni mwako. Sasa fikiria kitumbua. Mchele, tui, sukari, iliki, hamira. Hamna ngano pale, hamna yai, hamna maziwa, na tumekikula tangu utotoni. Kwa hiyo donati hii nimeianzisha kwenye kitumbua, sikuianzisha kwenye andazi. Donge la ngano huvutika na kushika hewa kwa sababu ya gluteni, ile protini ya ngano yenyewe, na unga wa mchele hata ukiukanda mpaka usiku hautafika huko. Sisi tunakoroga rojo zito, tunalimimina, tunaoka.

Chukua unga wa mchele gramu 150 na wanga wa muhogo gramu 60. Nasema wanga, ule mweupe unaoteleza vidoleni. Udaga wetu, ule unga wa muhogo uliochachushwa, acha kabisa, ule uchachu unapendeza kwenye ugali na dagaa, siyo hapa. Tia sukari gramu 100, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo, mdalasini kijiko kimoja cha chai kilichojaa, iliki na tangawizi kadiri unavyopenda. Mimi iliki naizidisha, maana mdalasini peke yake una harufu ya vitu vya dukani.

Boga livukishe kwa mvuke, usilichemshe ndani ya maji, kisha liponde na ulichuje hadi lisitoe maji. Unahitaji gramu 200. Hapa ndipo nataka uwe mkali: boga lenye maji ndilo linalofanya donati kuwa tope katikati. Mimi natumia yale ya Sengerema, ngozi ngumu, nyama kavu ya njano iliyokolea. Siku hizi yanafika upesi, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko. Huko kwenu yale makubwa ya kuchonga sura usiyachukue, yana maji mengi. Tafuta madogo ya kupikia.

Badala ya mayai, saga mbegu za kitani, chukua vijiko viwili vya chakula, changanya na maji vijiko sita, uache dakika kumi. Utaona inavutika kama mlenda, na huo utelezi ndio utakaoshikilia donati isimeguke. Kisha tui zito mililita 150, mafuta ya alizeti mililita 60, na kijiko kimoja cha maji ya limao. Koroga vyote pamoja, halafu funika uache nusu saa. Usiiruke hiyo nusu saa, mama. Unga wa mchele unakunywa maji polepole, na usipoupa muda, donati itakwaruza ulimi kama ina mchanga.

Oka kwa nyuzi 180 katika chombo cha donati kilichopakwa mafuta, dakika 15 hadi 18. Mimi sina oveni, naoka kwa mkaa, moto kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, na zinatoka vizuri kabisa. Zikiiva usizitoe hapohapo. Zikiwa moto zinavunjika. Ziache dakika kumi ndani ya chombo ndipo uzitoe, uzipake mafuta ya nazi na kuzigaragaza kwenye sukari yenye mdalasini.

Jambo moja lisikupite: soma maandishi kwenye kopo la bekingi pauda, nyingine huchanganywa na wanga wa ngano. Unga wa mchele nao uwe umesagwa mahali pasipopita ngano. Mimi mchele nauosha, nauanika, nausaga kwa blenda yangu, kwa sababu mashine ya mtaani inasaga kila kitu. Na chujio lililowahi kuchekecha ngano tenga kabisa, mnunulie Kulwa lake.

Siku ya kwanza zinakuwa laini sana, kesho yake zinaanza kukauka. Pika nyingi Jumapili, zikipoa zigandishe kwenye friza, asubuhi unapasha mbili, anaondoka nazo shuleni. Weka na za Doto. Wale chakula kimoja, hilo ndilo nililolifikiria muda wote nikiwa jikoni.

Ukioka niandikie boga la huko limekuaje, kama linahitaji sukari zaidi. Msalimie baba Kulwa, na mapacha wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi rafiki yako,
wa Kirumba