Jumamosi ya nyatiti: mambo machache kabla hamjafika

Habari za jioni, wapendwa. Jathum wetu (mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo) kutoka Siaya amethibitisha. Tunaanza saa kumi jioni, na tafadhali saa kumi iwe saa kumi. Mzee akishaketi kwenye kigoda chake hapendi kelele za viti vinavyoburutwa.

Kukatizwa kwa namna nyingine, hilo analitaka! Kwa wasiowahi kuona: nyatiti ina nyuzi nane, na mtu mmoja hufanya kazi ya bendi nzima. Vidole viko kwenye nyuzi, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao wa ala. Juu ya hayo yote anasimulia: ukoo wa marehemu, safari, visa vya kijijini. Anaimba, anaongea, anarudi kuimba, nawe hujui wimbo umeishia wapi hadithi ikaanza.

Katikati ndipo huja pakruok, yaani majigambo ya wasikilizaji. Ukitaka kujisifu, au kumsifu mama mkwe (kuna mtu humu ananielewa), unatoa pesa, wimbo unasimama, unasema maneno yako, kisha nyuzi zinaendelea. Kwa hiyo njooni na noti ndogondogo. M-Pesa haina utamu hapa, raha ni noti ionekane. Majigambo yawe mafupi, yenye utani. Hotuba za siasa ziacheni nyumbani.

Mchango wa chakula ni shilingi 300, mpeni mweka hazina kabla ya Ijumaa. Kurekodi, ngojeni kwanza nimwombe mzee ruhusa.