Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu: ndoa za kimila ziandikishwe kwa chifu

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

Dada yangu mkubwa ana daftari la shule lililokwisha jalada. Ndani yake, kwa kalamu ya buluu: "Mawe, lori moja. Saruji, mifuko sita. Fundi, 800." Alikuwa akiandika usiku, baada ya kufunga kibanda chake cha mboga hapa Kangemi, nyumba yao ikipanda kozi kwa kozi. Mahari yake ilipokelewa na wazee wetu, mimi nikiwapo. Kuandikisha ndoa hawakwenda. Mwaka jana mume alimwambia afungashe virago, eti hapakuwa na ndoa, walikuwa wakikaa tu.

Nimekisoma tena Kifungu cha 45 cha Katiba tuliyoipigia kura Agosti 4, 2010. Kinaanza kwa kuitaja familia kuwa ndiyo msingi wa jamii, maneno yaliyo karibu sana na yale ya Tangazo la Haki za Binadamu la 1948. Kisha kinasema mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari yao. Hapo ndipo watu wengi huishia. Lakini kinaendelea: wanandoa wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa, na hata ndoa ikivunjika. Mama yangu aliolewa zamani, na hakuna aliyemwahidi hivyo.

Bunge liliagizwa litambue ndoa za kimila, na Sheria ya Ndoa ya 2014 ikafanya hivyo. Ila inataka wanandoa wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za mila. Ni nani aliyewaambia wazee wetu?

Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa huo si kugawana mali nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe mchango wake. Sawa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu hata kulea watoto na kazi za nyumbani kuwa mchango, na daftari la dada yangu lipo. Lakini kabla hajalifungua, lazima kwanza athibitishe kwamba alikuwa mke. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu kijiji kizima kinajua.

Mtoto akizaliwa nyumbani, naibu wa chifu huandika taarifa. Mtu akifia nyumbani, vilevile. Naomba ndoa ya kimila nayo iandikwe hapo hapo, siku ya mahari, wazee wakiwa bado wameketi na mashahidi wote wapo, kisha taarifa ifike kwa msajili bila bibi harusi kupanda matatu hadi mjini.

Naomba pia wanawake walioolewa kimila zamani wapewe nafasi ya kuandikishwa hata kama mume amekataa kuja, mradi wazee waliopokea mahari wako hai na wako tayari kusema. Wa dada yangu wamebaki wawili.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kangemi, Nairobi