Shangazi, lile kabati lisipigwe msasa kwanza

Shangazi yangu, shikamoo.

Nasikia umemwita fundi seremala aje hapo Njombe alipige msasa kabati la bibi na kulipaka vanishi upya. Mlango umelegea, sawa, aukaze. Ila uso wa mbao, nakuomba, asiuguse mpaka nije na karatasi na rangi zangu za maji nilichore.

Najua utacheka. Uliwahi kuniuliza kwa nini nahangaika kuchora vigoda na makabati wakati watu wa kuchorwa wamejaa. Nakujibu hapa, na wengine wasome.

Huko Marekani, uchumi ulipoanguka na wachoraji wakakosa kazi, serikali iliwaajiri wachore vitu vya zamani vya nyumbani: viti, makasha, hata midoli. Mradi uliitwa Index of American Design, ulianza 1935 ukaisha 1942, na picha zipatazo 18,000 zimehifadhiwa National Gallery of Art, Washington. Zimo samani za Shaker, waumini walioishi kijamaa na kuchonga vitu visivyo na nakshi. Ukutani waliweka vigingi, wakifagia wanatundika viti juu. Mngeelewana sana, wewe usiyetaka kuona kigoda njiani ukishika ufagio!

Nyingi kati ya picha hizo zinaonyesha kitu peke yake kwenye karatasi tupu. Hakuna pazia wala chombo cha maua. Na rangi ya maji haifichi kitu: mng'ao wa mbao haupakwi, ni karatasi yenyewe umeiacha wazi. Kisha unapaka tabaka jembamba juu ya jingine, kila moja likauke kwanza. Kwa ukungu wa Njombe mwezi wa sita, chai inaisha kabla tabaka la kwanza halijakauka.

Sasa kabati letu. Ni la mninga, si paina ya Mufindi iliyojaa madukani (sina ugomvi na paina, vifundo vyake vinachoreka vizuri). Karibu na kitasa mbao imefifia, ndipo vidole vya bibi vilipopita miaka yote. Rafu ya chini ina duara jeusi la sufuria ya moto. Hayo ndiyo ninayoyafuata. Msasa ukipita, utabaki na mbao nzuri isiyo ya mtu yeyote.

Fundi akiwa na haraka, mpe meza ya sebuleni aanze nayo. Ile imenunuliwa juzi tu, haina cha kupoteza.