Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Fomu ya Picha Itaje Kitu Kilichoingia Kichwani

Mheshimiwa Waziri,

Kazi yangu ni kusoma picha za watu walioumia kichwa. Nakuandikia kuhusu karatasi inayomtangulia mgonjwa kufika kwetu, yaani fomu ya kuomba picha. Mara nyingi imeandikwa "jeraha la kichwa", basi. Alichomwa na nini? Msumari, kioo, penseli, kijiti? Haisemi.

Jibu hilo ndilo linalotuelekeza cha kutafuta. Chuma hakijifichi; kwenye sitiskani (CT scan), mashine inayopiga picha za mwili kwa eksirei kipande kwa kipande, hung'aa, ingawa miale yake pichani huficha ubongo ulio kandokando. Kioo nacho kwa kawaida huonekana. Shida ni mti. Kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha weusi au weupe wa kitu kwenye sitiskani na chenye jina la mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971, huweka maji kwenye 0 na hewa kwenye -1000. Mti mkavu umejaa hewa, kwa hiyo huangukia upande huo wa hewa, yaani weusi. Msomaji asiyejua kwamba mtoto aliangukia kijiti ataona weusi na kudhani ni hewa iliyopenya jerahani. Anayejua atarekebisha weusi na weupe wa picha, atadai picha za vipande vyembamba vya milimita 1, na atagundua kwamba "hewa" ile imenyooka na ina kingo. Siku zikipita, mti hunyonya majimaji, weusi wake hupungua, na kuutambua huwa kugumu zaidi. Huku nyuma usaha unaweza kuwa umeanza kutunga ndani ya ubongo.

Vinavyonitia hofu kuliko vyote ni vidonda vidogo vya kwenye kope. Mfupa unaotenganisha jicho na ubongo ni mwembamba sana. Kijiti huupenya, kidonda cha nje kinashonwa, mtoto anarudishwa nyumbani. Eksirei haitoshi hapo, kwa sababu mti kwa kawaida hauonekani.

MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, husaidia pale mti unaposhukiwa na sitiskani haikutoa jibu. Lakini kitu kikiwa cha chuma kinachovutwa na sumaku, mashine hiyo inaweza kukisogeza ndani ya ubongo. Hivyo tunarudi kwenye swali lilelile: kiliingia nini?

Naomba waraka wa wizara, Mheshimiwa. Fomu iwe na sehemu ya lazima kujazwa: kitu gani, kina urefu gani, kilitoka kizima au kilivunjika. Kipande kilichobaki nje kiletwe pamoja na mgonjwa. Na kitu kilichokwama kisichomolewe njiani wala mapokezi, kwani huenda ndicho kinachoziba mshipa uliokatika. Kitolewe chumba cha upasuaji, baada ya picha, ikiwemo ya mishipa ya damu inapohitajika.

Mimi na wenzangu wa upasuaji wa ubongo tuko tayari kuandaa rasimu ya fomu hiyo na kuileta ofisini kwako.

Wako katika huduma,
Daktari wa radiolojia