Kigoma tunataka treni, si bustani ya kunywea kahawa

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu enzi za kulisubiri liletwe na treni, likiwa na habari za juzi, na sijawahi kukuandikia. Leo umenilazimisha. Ile taarifa yenu ya mpango wa kuufufua mtaa wetu mkuu hapa Kigoma, ile iliyokuja na picha kubwa ya stesheni iliyopakwa rangi kwenye kompyuta, imenikaa kooni wiki nzima. Mwandishi wako kaandika kana kwamba Barabara ya Lumumba iliugua ghafla, hakuna anayejua ugonjwa, na sasa daktari kapatikana.

Mimi nina mgahawa Lumumba, upande wa chini, karibu na stesheni. Siku ya treni naijua bila kalenda. Alfajiri wachukuzi wameshapanga mikokoteni, bajaji zimeziba geti, akina mama wa dagaa wanashona midomo ya magunia kwa sindano ndefu na kamba ya katani, na madumu ya mawese yamefungwa nailoni mdomoni yasije yakavuja njia nzima hadi Dodoma. Treni ikiingia, watu wanaupanda mlima huu na vitunguu, chumvi ya Uvinza, asali ya Tabora, watoto waliolala migongoni. Wanataka chai, kisha ugali wa muhogo na mgebuka, kisha vocha, kisha pa kulala. Muuza vitenge anauza, kinyozi ananyoa, gesti zinajaa, hata fundi saa anapata mteja. Siku isiyo ya treni, ikifika saa nane mchana utakuta wenye maduka wamejilaza kwenye mabenchi ya nje. Huo ndio ugonjwa wenyewe, na wala hauhitaji mtaalamu.

Na jengo lenyewe, maana naona wapangaji wanapenda sana kulisifia umri. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika huku mwaka 1914, kilomita zaidi ya 1,250, miezi michache tu kabla Wajerumani hawajaingia vitani. Hawakumwaga fedha zote zile ili Wazungu wenzao waje kupiga picha matao. Walitaka mizigo ya Kongo na ya Ziwa Tanganyika zima. Wabelgiji walipouteka mji mwaka 1916 walitaka kitu hichohicho, na Waingereza walipokabidhiwa nchi wakawaachia Wabelgiji sehemu yao ya bandari, kwa sababu hiyohiyo. Watu hawa hawakuwahi kuelewana kwa lolote, lakini wote walijua kwamba stesheni ya Kigoma ina faida kwa kuwa treni inafika pale na ziwa liko pale. (Ile hadithi ya handaki la kutoka Ikulu ndogo hadi stesheni siigusi. Kila mtoto wa Kigoma anayo ya kwake.)

Sasa nije kwenye kikao. Muda kidogo kabla ya taarifa yenu niliitwa kwenye kikao cha wadau. Waandaaji siwataji, wenyewe wanajijua. Tuliwekwa kwenye ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi kikali hadi mzee mmoja akajifunika kitambaa cha meza. Tukapewa daftari, kalamu na soda. Kijana mmoja nadhifu, mwenye adabu kwa kweli, akawasha projekta, na ukutani ikatokea Lumumba ya mwaka sijui gani. Matofali ya rangi mbili chini. Miti ambayo sijawahi kuiona ikiota huku. Watu wembamba, weupe, hawana nyuso, wamekaa chini ya miavuli wanakunywa kahawa. Hakuna mkokoteni. Hakuna bajaji hata moja. Hakuna mama mwenye beseni kichwani. Mgahawa wangu haukuwepo, mahali pake palikuwa na duka la vinyago, na hilo nikalimeza kwa soda. Lakini nikatazama kule chini kwenye stesheni, nikatazama tena, nikanyoosha mkono. "Mwanangu, reli iko wapi?" Akatabasamu. "Hapo mama tumeweka bustani." Nikamuuliza treni itapita wapi. Akasema hilo ni la mamlaka nyingine, wao wanashughulikia mandhari tu. Nikamwambia abiria wangu si mandhari, wanakula. Watu wakacheka, mwenyekiti akasema "mama yetu, hoja yako tumeipokea", kipaza sauti kikahamia meza nyingine, na hoja yangu ikaenda huko zinakokwenda hoja zilizopokelewa. Kumbe haikwenda mbali. Nimeikuta kwenye gazeti lako: mmeandika kwamba wadau waliunga mkono mpango. Mimi nilichounga mkono pale ni soda.

Mtaniambia SGR, ile reli mpya ya kisasa, inakuja. Najua inakuja. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na tangu 2024 wenzetu wa Dar, Morogoro na Dodoma wanapanda treni ya umeme, hongera zao. Lakini kamuulizeni muuza chai wa stesheni ya zamani ya Morogoro. Stesheni mpya iko Kihonda, mbali na ile ya zamani. Anayeshuka pale anachukua bajaji anakwenda zake, na mtaa uliozoea kumpokea haumwoni tena. Huku kwetu stesheni mpya itakaa wapi, na atakayeshuka atafikaje Lumumba? Swali hilo lilipaswa kuwa slaidi ya kwanza. Halikuwa hata ya mwisho. Na mpaka hiyo mpya ifike, hii ya zamani ndiyo inayotulisha. Mvua ikinyesha kati ya Kilosa na Gulwe na tuta la reli likasombwa, jambo tulilolizoea miaka nenda rudi, huku magharibi ambako hata wingu hatujaliona ndiko saruji inapanda bei na gesti zinabaki na funguo zote ukutani. Matofali ya rangi mbili yatasaidia nini hapo?

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na la Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaletwa kwa reli hiihii na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui. Ikaibuliwa, ikarudi kazini 1927, ikabeba vizazi na vizazi, ikabeba hadi wakimbizi wa Kongo waliokuwa wanarudi kwao. Halafu katika zama hizi za kompyuta na projekta ikakaa miaka bila kubeba abiria, inangoja ukarabati. Zamani ilipokuwa inafunga gati ikitoka Kasanga na Mpulungu, watu walishuka melini wakaja kwangu kusubiri treni, na wa treni wakaja kusubiri meli. Meza moja, safari mbili. Siku hizi anayekuja kuiulizia Liemba ni mpiga picha. Gazeti lako lenyewe mmeshaichapisha mara ngapi, na mara ngapi mmemtafuta mtu wa kumuuliza itaondoka lini?

Mtauliza basi mimi nataka nini. Nataka ubao mweusi, ule wa shule, utundikwe huku juu mtaani, na kila asubuhi uandikwe treni imefika wapi: Kaliua, Nguruka, Uvinza, Kazuramimba. Chaki nitanunua mimi. Nikijua treni iko Uvinza najua saa ya kukanda unga, na mwenye gesti anajua saa ya kutandika vitanda. Nataka taa kuanzia geti la stesheni hadi maduka ya kwanza, maana treni ikichelewa inaingia usiku, na mwanamke mwenye mzigo na mtoto hawezi kupanda mlima kwa mwanga wa simu. Nataka akina mama wa dagaa waachwe walipo. Bustani, kama ni lazima iwepo, ipandwe mle ukumbini kwenye ile hoteli, maana kwa baridi ile miti yao inaweza kukubali.

Na hao wachoraji, kabla hawajagusa tena kalamu, wakatiwe tiketi za daraja la tatu kutoka Dodoma hadi Kigoma, posho walipwe wakishafika. Wasipopata kiti wakalie mizigo yao kama sisi. Wakishuka hapa na projekta yao begani, wapande Lumumba kwa miguu hadi kwangu. Chai ya kwanza nitawapa bure, ya pili walipe.

Mwenye mgahawa,
Barabara ya Lumumba, Kigoma