Barua kwa Baba Mdogo kuhusu timu ya mtaani kwetu

East Dulwich, London

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe pamoja na Mama Mdogo na wadogo zangu wote hapo Ngamiani, Tanga. Mimi huku sijambo na kazi zinaendelea vizuri. Ama baada ya salamu, nakuandikia ili nilijibu ipasavyo swali uliloniuliza kwenye simu mwezi uliopita, uliposema kwamba kwa miaka yote niliyokaa London hujawahi kunisikia nikizungumzia Arsenal wala Chelsea. Nilikujibu kwa haraka kuwa timu yangu ni Dulwich Hamlet, ukauliza ni ya wapi hiyo, na salio likakatika kabla sijaeleza.

Ni timu ya mtaani kwetu, Baba Mdogo. Ligi za hapa zimepangwa kama ngazi: klabu 92 ndizo zinazojaza madaraja manne ya juu, na zote zilizobaki chini ya hapo huhesabiwa kuwa za nje ya ligi, ambako ndiko iliko Dulwich Hamlet. Ilianzishwa mwaka 1893 na Lorraine Wilson, ambaye vijana walimwita "Pa", yaani Baba, kwa ajili ya wavulana waliokuwa wamemaliza shule ya msingi ya Dulwich na hawakuwa na pa kuchezea pamoja. Jezi zake ni za rangi ya waridi na buluu iliyokoza, na hakuna timu nyingine hapa karibu yenye rangi hizo. Mwaka 1907 ikaingia Ligi ya Isthmian, ligi ya wachezaji wa ridhaa wasiolipwa mshahara, na ikabaki humo kwa miaka 111.

Katika historia yote hiyo, mtu ninayetaka umfahamu ni Edgar Kail. Alicheza hapa kuanzia mwaka 1919 hadi 1933, akafunga mabao 427, na muda wote huo alibaki mchezaji wa ridhaa aliyekuwa na kazi yake nyingine ya kumpatia riziki. Mwezi Mei 1929 aliitwa timu ya taifa ya England, akacheza mechi tatu ndani ya wiki moja: dhidi ya Ufaransa, ambako alifunga mabao mawili, kisha Ubelgiji, kisha Hispania. Halafu akarudi kwenye klabu yake ya mtaani. Siku zake na zile zilizofuata ndizo zilizokuwa za neema, kwa sababu Dulwich Hamlet ilitwaa Kombe la FA la timu za ridhaa mara nne, mwaka 1920, 1932, 1934 na 1937, na katika fainali ya 1932 iliifunga timu ya Marine mabao 7 kwa 1. Leo njia ya kuingilia uwanjani inaitwa Edgar Kail Way. Naipita kila Jumamosi, na jina lake bado linaimbwa na vijana ambao hata babu zao hawakumwona akicheza.

Uwanja unaitwa Champion Hill. Ule wa zamani ulifunguliwa mwaka 1931, na mwaka 1933 watu 20,744 walijazana humo kutazama fainali ya kombe hilohilo la ridhaa. Wakati wa Olimpiki ya 1948 Korea iliifunga Mexico mabao 5 kwa 3 papo hapo. Kisha nyakati zikabadilika: watazamaji wakapungua, jukwaa likachakaa, sehemu ya ardhi ikauzwa likajengwa duka kubwa, na mwaka 1992 ukafunguliwa uwanja mdogo tulionao sasa, wa watu wapatao 3,000. Hata Peter Crouch, yule mshambuliaji mrefu uliyekuwa ukimtazama kwenye televisheni akiwa Liverpool, alicheza hapa kwa mkopo mwaka 2000 alipokuwa kijana.

Ninalotaka hasa ulielewe ni yaliyotokea Machi 2018. Kampuni ya ujenzi iliyokuwa ikimiliki uwanja ilivutana na baraza la eneo letu kuhusu mpango wake wa kujenga nyumba, na mvutano huo ukaishia kwa klabu kufungiwa milango. Zaidi ya hapo, klabu ilipokea barua iliyoiarifu kwamba jina la Dulwich Hamlet limesajiliwa na kampuni nyingine kama alama ya biashara, na kwamba klabu haina ruhusa ya kulitumia. Hebu fikiria watu waje uwanja wa Mkwakwani wawaambie Wagosi wa Kaya kwamba kuanzia leo hawaruhusiwi kujiita Coastal Union! Mashabiki waliandamana wakiwa na skafu zao, suala likafikishwa Bungeni, na jina likarudishwa. Klabu ikahamia uwanja wa Tooting & Mitcham, ambao ni wa majirani, na kwa miezi mingi "nyumbani" kwetu kukawa ni safari ya basi.

Msimu huohuo, ikiwa haina kwao, timu iliyokuwa imekwama kwenye mechi za mchujo miaka mitatu mfululizo iliishinda Hendon kwa mikwaju ya penalti ikapanda daraja, na kwa mara ya kwanza tangu 1907 ikatoka Ligi ya Isthmian. Tarehe 26 Desemba 2018 tukarudi Champion Hill. Nilikuwepo. Watu waliingia kimya kimya, mmoja mmoja, na mzee aliyekuwa mbele yangu aliposhika chuma kinachozunguka uwanja alikiachia baada ya muda mrefu sana.

Mwaka 2023 tulishuka tena, lakini bado naenda. Nasimama karibu na mstari kiasi cha kumsikia kipa akiwapanga mabeki wake kwa majina. Ikifika mapumziko, mashabiki wote hubeba bendera zao na vikombe vyao wakazunguka uwanja mpaka upande wa pili, ili kipindi cha pili wasimame nyuma ya goli tunalolishambulia. Mara ya kwanza nilipowafuata bila kujua tunakwenda wapi, nilikukumbuka wewe ukinishika mkono kutoka Ngamiani mpaka Mkwakwani na kunionyesha kila mchezaji anakaa nyumba ipi.

Hapa kuna watu wa kujitolea wanaohifadhi picha, matokeo na majina ya wachezaji tangu siku za Pa Wilson, ndiyo maana nimeweza kukuandikia yote haya. Nakuomba sana, Baba Mdogo, mwambie mdogo wangu akurekodi kwenye simu ukieleza kuhusu Coastal ya 1988 iliyochukua ubingwa: nani alicheza wapi, mlisafirije, na Tanga ilikuwaje usiku ule. Nitayaandika mimi mwenyewe kwenye daftari.

Jezi ya waridi na buluu nimempa rafiki yangu anayekuja Dar es Salaam mwezi ujao. Nimekuchukulia kubwa kidogo, kwa sababu najua hupendi nguo inayobana mabegani. Nisalimie Bibi na majirani wote.

Wasalaam,
Mwanao